Pikipiki Niliyoshindwa Kuiinua

Mwaka wangu wa kwanza kama afisa wa mifugo kule Ikutha nilianguka na pikipiki ya idara mara kumi na moja. Najua idadi kwa sababu fundi wa idara alikuwa akichora mistari ya chaki kwenye mlango wa karakana, na kila niliporudi na kioo kilichovunjika aliongeza mstari. Nilimchukia kwa miezi minne hivi. Halafu akanioa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuinua pikipiki. Mimi nilikuwa naivuta kwa mikono, uso nimeielekezea, natukana kwa Kikamba, na yenyewe haisogei. Siku moja akailaza mwenyewe kwenye changarawe ya ofisi akaniambia nigeuke. Zima injini, weka gia, kata usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, egemeza makalio kwenye kiti, shika mpini kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua ndogo. Miguu ndiyo inayoinua, mikono inashikilia tu. Nikaiinua. Akaniambia nisije hata siku moja nikanunua pikipiki nisiyoweza kuiinua peke yangu, kwa sababu huko ninakofanya kazi ng'ombe ni wengi kuliko watu, na ng'ombe hawasaidii.

Kwa miaka zaidi ya ishirini tulikuwa na mpango mmoja. Tukistaafu tungenunua pikipiki mbili kubwa, zile za safari ndefu, zenye masanduku ya chuma ubavuni, zinazokula lami siku nzima na kesho yake zinaingia porini. Tungeenda hadi Ziwa Turkana. Ramani ilikaa nyuma ya kabati, na kila mwaka kulikuwa na sababu: karo, ukame, mazishi ya mama yake. Hatukuacha kubishana lakini. Yeye alipenda zile nzito za silinda mbili. Nilimwambia hizo ni matrekta. Alinijibu kwamba nizipendazo mimi ni mbuzi, zinaruka vizuri lakini huwezi kuzikalia mpaka Marsabit. Nadhani hayo mabishano ndiyo yaliyotuweka pamoja kuliko kanisa.

Mwaka mmoja kabla ya mimi kustaafu, alianguka bafuni. Kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikakataa kazi, na maneno yakaanza kumtoka polepole, kama anayatafuta mfukoni. Hospitalini dada wa mazoezi alinionyesha namna ya kumtoa kitandani. Alisema nikunje magoti, nimkaribie kabisa, nisimvute kwa mikono, niinue kwa miguu. Nilicheka palepale wodini mpaka yule dada akadhani nimechanganyikiwa. Mume wangu alicheka pia, kwa upande mmoja wa mdomo.

Tangu hapo namwinua kila asubuhi. Namwinua kwenda chooni, namwinua kwenda kuketi barazani kwetu hapa Kibwezi, namwinua kurudi ndani jua likianza kuchoma. Watu wa kanisa wanasema Mungu amenipa nguvu. Mimi naona Mungu amenipa mgongo unaouma. Nasema hivyo kwa hasira na sitaki mtu anirekebishe.

Nilipostaafu nilianza kutafuta pikipiki. Binti yetu alipiga simu kutoka Nairobi akaniambia, "Mum, wanawake wa age yako wananunua kuku." Nilimwambia nimechanja kuku wa kutosha maisha yangu yote. Mume wangu alisikia, na jioni hiyo akaniomba nimletee helmeti yake ya zamani. Akaanza kuipangusa kwa mkono ule mzima. Aliipangusa kila siku na hakusema ni ya nini, wala mimi sikumuuliza.

Sultan Hamud kuna muuzaji mmoja, uwanja wake uko karibu na reli ya zamani, na alikuwa nazo mbili. Nilienda peke yangu mara ya kwanza nikaziendesha zote. Ya kijivu ilikuwa silinda mbili, injini ya elfu moja na mia mbili, kilo zaidi ya mia mbili na hamsini bila mizigo. Niliiendesha mpaka Emali. Malori ya Mombasa yalinipita na upepo wao wote na ile pikipiki haikutikisika. Kioo cha mbele kirefu, kiti kipana, na nyuma kulikuwa na kiti kingine chenye egemeo na vishikio pande zote mbili. Muuzaji alikuwa ameshasikia habari za nyumbani kwangu. Akapiga kile kiti kofi na kusema, "Madam, hii hata mzee unamfunga mshipi, anakaa huko nyuma fiti kabisa. Anaona wanyama tu."

Nyekundu ilikuwa silinda moja, mia sita na hamsini, ndefu, kiti chembamba kigumu. Kwenye lami lori moja lilinisukuma karibu nitoke barabarani, na nilipofika Emali vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Lakini niliporudi kwa njia ya vumbi nyuma ya mji nikasimama juu ya pedali, mawe yakawa yanapita chini yangu na mimi sihisi kitu magotini ila wepesi. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Kiti cha nyuma kilikuwa na upana wa kiganja. Mtu mzima mwenye afya angekilalamikia, sembuse mgonjwa.

Kwa hiyo hapakuwa na siri juu ya kilichokuwa mezani. Kijivu, twende wawili. Nyekundu, niende mimi.

Nilikuwa na sababu zangu na zilikuwa nzuri. Ukiacha lami ya Kitui pale Ikutha ukashika njia ya Kasaala, ambako ningeanzia kujizoeza, unakutana na mchanga wa mto Tiva, na mchanga mkavu unameza gurudumu zito. Tukianguka na ile kijivu, yeye chini, mguu umenasa, nitainua nani kwanza? Nilimweleza hayo mezani nikamchorea kwa kijiko. Alisikiliza, akasema, "Kweli." Sikumwambia sababu yenyewe. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kwenda mahali bila yeye. Nilitaka asubuhi moja niamke nisimwinue mtu, na kila nilipoona kile kiti kipana chenye egemeo nilijiona nikimwinua Marsabit, nikimwinua Loiyangalani, nikimwinua kando ya ziwa lenyewe.

Alisema anataka kuziona kabla sijaamua. Tulikodi gari la jirani. Njia nzima alipakata ile helmeti, imeng'aa mpaka unajiona humo kama kwenye kioo. Muuzaji akamtolea kiti cha plastiki chini ya paa la mabati, nikamketisha, na mume wangu akaiangalia kijivu kwa muda mrefu. Niliona anavyoipenda. Kisha akasema, polepole, "Ilaze chini."

"Mzee, hiyo itachubuka!"

"Ilaze. Ainue yeye."

Ilikuwa kanuni yake mwenyewe, na alikuwa mtu wa haki. Muuzaji alitandika magunia, akailaza kwa uangalifu kama anayelaza mtoto, akasimama kando. Wote wawili wakaniangalia.

Nikaiendea uso kwa uso. Nikashika mpini kwa mikono miwili nikavuta. Ikanyanyuka kidogo, ikarudi. Nikavuta tena, nikaguna, nikatoa jasho la kweli. Mara ya tatu nikateleza nikapiga goti chini, muuzaji akasema, "Pole, Madam, pole." Sikuipa mgongo. Sikuweka makalio kitini. Nilivuta kwa mikono kama mtoto wa shule, mimi niliyekuwa nimemwinua mwanaume wa kilo themanini asubuhi hiyohiyo kumwingiza garini.

Nilisubiri aseme, "Geuka." Neno moja tu, na hata kwa ulimi wake ule halikuwa gumu. Angelisema ningegeuka, na nina hakika ingenyanyuka. Nilimtazama. Alikuwa ananitazama mikono, si uso. Halafu akatazama reli.

"Chukua nyekundu," akasema.

"Ni kweli mzee," muuzaji akaunga mkono. "Hii ni nzito kwa mama."

Nilimwinua kutoka kile kiti cha plastiki nikamrudisha garini. Dereva alipowasha injini, muuzaji akatukimbilia na kitu mkononi. "Mzee! Umesahau helmeti!"

"Sijasahau," mume wangu akamjibu.

 Tulipofika Makindu akaniambia ana kiu, nikamnywesha maji.

Nyekundu ilikuja wiki iliyofuata. Kwa mwezi mzima niliitazama tu, nikiipaka mafuta na kukaza vitu ambavyo havikuwa vimelegea. Mwishowe binti yetu alikuja kukaa na baba yake siku mbili, nikaondoka alfajiri, nikavuka mto Athi, nikapita Ikutha bila kusimama ofisini kwangu kwa zamani. Nilianguka Tiva. Si anguko la kutisha. Gurudumu la mbele lilizama, nikalala nayo ubavuni, mchanga ukaingia mpaka mdomoni. Mbele kidogo wanawake walikuwa wanachota maji kwenye kisima walichofukua mchangani. Walipiga yowe wakaacha madumu yao.

"Aiya, mwaitu! Mama, ngoja tukushikie!"

Niliwaambia wasimame hapohapo. Nilizima, nikaweka gia, nikakata usukani, nikaipa mgongo. Hatua ndogo ndogo. Ilinyanyuka kirahisi mno, na wale wanawake wakanishangilia kwa vigelegele. Nilifurahi. Siwezi kuficha kwamba nilifurahi, na kwamba furaha ile ilidumu muda wa kuvaa glavu tu. Nililia mpaka kituo cha kwanza cha mafuta. Mlo wa mchana niliuacha kwenye sahani, na ule mwendo wa kwenda mpaka Kasaala nikauahirisha. Nilirudi nyumbani siku hiyohiyo.

Nilimkuta barazani. Binti yetu alikuwa jikoni. Aliangalia mchanga begani kwangu.

"Ilianguka?"

"Ilianguka. Tiva."

"Nani alikusaidia?"

Ningeweza kusema wale wanawake. Walikuwepo, na uongo ungekuwa mdogo. "Hakuna," nikasema.

"Uliiinuaje?"

Nikajibu, "Kwa mgongo. Kama ulivyonifundisha."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama fundi anayesikiliza injini ambayo tayari anajua ugonjwa wake. Nilitaka anitukane. Nilitaka achukue chaki achore mstari. Alisema tu kwamba jua limefika miguuni na anaomba aingie ndani.

Nikavua glavu. Nikamkaribia kabisa, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikakunja magoti, na nikamwinua kwa miguu.