Orodha Mbili, Barabara Moja

Jamani, jambo hili mpaka leo sijalisahau. Vita vilikuwa vimetawanya watu kote ufukweni mwa ziwa letu, na mimi, kijana wa Rumonge mwenye kompyuta moja kuukuu na kichwa kikubwa, nilitengeneza na rafiki yangu programu ya kutafuta waliopotezana. Ilikuwa ya bure na ya wazi: yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuibadilisha apendavyo.

Wa kwanza kuibadilisha akawa rafiki yangu mwenyewe. Ile yetu ilitafuta kwa jina la anayetafutwa. "Ndugu yangu," akaniambia, "kwetu mutoto habebi jina la babake. Nyumbani iko na jina lake, kanisani lingine. Tutafute kwa jina la mama na kilima alichotoka, maana kwetu kilima ndiyo kijiji." Nikamcheka. Tukagombana, akafungua chumba chake cha kutafutia watu ng'ambo ya barabara, mkabala na changu, na orodha zake za majina zikawa hazifunguki kwangu wala zangu kwake.

Sikatai, mashindano yalitunoa. Alipotuma watu Kabezi kuandikisha wakimbizi, nami nikatuma wangu kule Gatete. Bila yeye ningelala tu. Lakini kuomba kuona orodha zake? Mimi? Thubutu!

Kila asubuhi alikuja kwangu mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akimtafuta binti yake.

"Amahoro, mwanangu. Leo iko jina?"

"Bado, mama."

Siku moja akauliza, "Niende na kule ng'ambo?"

Nikamjibu bila hata kuinua macho, "Kule wameiga yangu tu, mama. Utapoteza wakati."

Basi jenereta yangu ikafa. Nikaenda kwa rafiki yangu kuomba umeme, naye akanipokea vizuri, jambo lililoniudhi zaidi. Nikataka kumwaibisha, nionyeshe kwamba programu yake haipati kitu. Nikaketi kwenye kompyuta yake, nikaandika jina la yule mama na kilima chake.

Mungu wangu! Binti akatokea. Alijiandikisha Kabezi miezi minne nyuma, kwa jina la ubatizo. Mama alikuwa amenipa la nyumbani. Chini yake palikuwa na mstari mpya: wiki iliyopita alivuka ziwa kwenda Tanzania, kwa kuwa hakuna aliyemuulizia.

"Mbona hukuniambia?" nikamfokea rafiki yangu.

"Ningejuaje kama mama yake anakuja kwako?"

Nikanakili ule mstari kwenye karatasi.

Asubuhi mama akaja na beseni lake la ndagala. Nikamweleza yote, sikuficha hata neno. Alishika mlango. Hakulia wala hakunitukana, heri angenitukana.

"Nilikuuliza kama niende kule," akasema.

Kisha akajitwika beseni, akavuka barabara.