Uzi Mrefu, Uzi Mfupi

Katika chumba cha kukatia vipande vya upasuaji kuna kanuni isiyo na mjadala: kama daktari mpasuaji hakuandika kwa maneno upande upi ni upi, unampigia simu kabla ya kugusa wino. Hukisii. Renae Pietrzak aliikariri kanuni hiyo akiwa na miaka arobaini na tatu, na aliivunja akiwa na arobaini na sita.

Kwa miaka ishirini na miwili alishona magauni ya harusi katika duka la mama yake, upande wa kusini wa Milwaukee. Digrii yake ya baiolojia ilikaa kwenye droo ya vifungo. Mama alipougua saratani akakatwa kipande cha ini, Renae alimuuliza muuguzi, "Hicho kipande kimeenda wapi? Nani anakishika?" Akaambiwa kuna watu wa kazi hiyo, wasaidizi wa daktari wa patholojia. Wao hupima, hupaka rangi, hukata, na daktari husoma kwenye hadubini kile walichomkatia. Mama alipofariki, Renae aliuza duka akarudi chuoni miaka miwili, darasa moja na vijana waliomwita shangazi.

Parokiani tulimtania. Ijumaa moja, tukiwa kwenye foleni ya samaki wa kukaanga, Bi Delphine Gorski alimshika mkono. "Yaani umewaacha maharusi ukashike nyama za watu?"

"Maharusi wanalalamika, Bi Delphine. Hawa wangu hawasemi kitu."

"Ngoja siku mmoja aseme."

Tulicheka sote, naye alicheka kuliko sisi.

Kazi aliiweza. Daktari Amundson, mwanamke aliyekuwa akisoma vipande vyake kwenye hadubini, alisema hajapata kuona mikono inayokata vyembamba namna ile. Lakini mikono ile ilikuwa na kumbukumbu yake. Uvimbe ukitolewa kwenye titi, mpasuaji hufunga nyuzi mbili kwenye kipande: mfupi kuonyesha juu, mrefu kuonyesha nje, upande wa kwapa. Msaidizi hupaka juu bluu na nje kijani. Saratani ikionekana imegusa bluu, mpasuaji anarudi kukata juu. Katika duka la mama yake, alama zilikuwa kinyume: uzi mrefu ulikuwa shingoni, mfupi ubavuni. Renae alilijua jambo hilo, na kwa miezi mingi alijisemea kimya, "Mfupi juu, mrefu nje," kila alipoona nyuzi.

Mwezi Machi kililetwa kipande cha titi la kushoto la Joanne Buskirk. Kwenye fomu, mahali pa kueleza nyuzi, mpasuaji alikuwa ameandika, "Kama kawaida." Jina lake Daktari Lindgren. Wiki iliyotangulia aliandika hivyo hivyo, Renae akampigia simu, na simu ikawekwa kwenye spika chumba kizima cha upasuaji kisikie.

"Ni yule fundi cherehani," Lindgren aliwaambia wenzake. "Mama, unataka nije nikupime na kiuno? Mfupi juu, mrefu nje. Miaka mia haijabadilika."

Watu walicheka. Renae alisema asante, akakata.

Sasa alisimama na kipande mezani na chupa ya wino mkononi. Baadaye alikiri kwamba shaka ilimjia. Aliitazama simu ukutani, akakisikia kile kicheko, akaona aibu. Mikono ikafanya kama ilivyozoea tangu ujana. Upande wa uzi mrefu akaupaka bluu.

Kicheko cha Lindgren ni dhambi yake, naye ataijibu mwenyewe. Lakini kanuni haikusema upige simu kama hutachekwa.

Daktari Amundson alisoma kwa uaminifu alichopewa: saratani imegusa bluu. Wiki tatu baadaye Lindgren akarudi, akakata juu. Kipande cha pili kikafika mezani kwa Renae, akafungua picha za kile cha kwanza, kama inavyotakiwa. Akaona uzi mrefu umekaa kwenye bluu. Alivua glavu, akaenda mlango wa pili, kwa Daktari Amundson.

"Daktari, mimi nimegeuza. Saratani iko nje, siyo juu."

Daktari Amundson aliitazama picha muda mrefu. "Kaa chini, Renae."

"Nitasimama."

Saratani ilikuwa bado imo ubavuni mwa titi, na juu palikuwa pamekatwa nyama isiyo na ugonjwa, bure. Ukikatwa na ubavu, hapangebaki cha kuokoa. Titi lote lingeondolewa. Hospitali ilimwita Joanne kumweleza, na Renae akaomba awepo, ingawa wakubwa hawakupenda.

Joanne alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe ndiye uliyepaka rangi?"

"Ndiyo, mama."

"Na daktari angepokea simu?"

"Angepokea. Angenicheka kwanza, halafu angejibu."

Joanne alifunga na kufungua kifungo cha koti lake. "Basi ungechekwa tu, dada," alisema. "Ungechekwa, mimi nikaenda nyumbani."

Renae hakuomba kusamehewa, na hakusamehewa. Nadhani alifanya sawa, maana kuna msamaha ambao kuuomba ni kumtwisha mgonjwa mzigo wa pili.

Hakufukuzwa. Alipumzishwa miezi miwili, akafundishwa upya, akarudi. Siku hizi hupiga simu hata pale fomu imejazwa vizuri, na wapasuaji hulalamika. Ijumaa haji tena kula samaki. Nilikwenda kumgongea mlango mara mbili. Mara ya pili nilimsikia amesimama nyuma ya mlango, akipumua, mpaka nilipoondoka.

Joanne Buskirk alipasuliwa mara tatu kwa jambo lililotaka mara mbili. Alipoteza titi lake la kushoto akiwa na miaka arobaini na moja, na lingeweza kubaki.