Kupandisha Mafuta Kwenye Motere ya Yaya

Motere, injini ya pikapu, ilikuwa imerudi mahali pake tangu Jumanne. Mi nilikuwa nimechoka tangu mwaka jana. Magoti yanauma, mgongo unauma, na jua la Kolwezi kabla ya mvua halimhurumii fundi aliyelala chini ya pikapu, vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Pikapu ni ya yaya, dada yangu mkubwa. Ndiyo ilikuwa ikimletea magunia ya makala ya kupikia kutoka Mutshatsha, mpaka motere ikafa mikononi mwangu. Tangu hapo alisafiri juu ya malori ya watu, mvua inamnyeshea, mama mzima mwenye wajukuu. Fundi wa Lubumbashi aliyesugua upya mhimili wa motere alinirudishia akitikisa kichwa: “Tata, hii ni mwisho. Ukiuharibu tena, hakuna pa kukata.”

Motere iliyofungwa upya ni kavu ndani. Ukiiwasha hivyo hivyo, vyuma vinakulana kabla mafuta hayajapanda. Kila fundi anajua. Hata mara ya kwanza nilijua.

Safari hii nilitoa bujii zote, zile plagi za kuwashia, ili motere izunguke bila kuwaka. Nikafungua tundu la swichi ya ile taa nyekundu ya mbele ya usukani, inayoonya kwamba mafuta hayajapanda, nikafunga hapo mpira wa ile pompi ya mgongoni ambayo yaya hunyunyizia maharagwe dawa. Nilikuwa nimeiosha mara nne, nikainusa mpaka kichwa kikauma. Tukaijaza mafuta ya motere tuliyoyaanika juani yawe mepesi. Yaya akapiga pompi, mi chini nikazungusha mhimili kwa ufunguo, kidogo kidogo, mafuta yapate kuingia kila tundu. Kifuniko cha juu tulikiacha wazi tuone yakitokea.

Hayakutokea. Tulipiga, tulizungusha, mikono ikawa kama si yangu.

“Piga, yaya.”

“Napiga! Weye unalala tu huko chini.”

Majirani wakasogea. Mmoja akauliza kama tunataka kusukumwa.

“Hapana mtu kusukuma hapa!” yaya akafoka. Wakarudi nyuma.

Mwaka jana, nilipoifunga motere kwa vipande vipya vya sokoni, tulisukumwa. Batri ilikufa kabla sijapandisha mafuta, na mama za korali walikuwa wanatoka kanisani. Wakafunga vitenge vizuri, wakasukuma wakiimba. Mi nilikuwa kwenye usukani. Niliona haya kuwaambia mama wote wale wangoje, nikaachia klachi. Motere ikawaka, vigelegele! Taa nyekundu nayo ikawaka, ikabaki. Nikajiambia itazimika. Jioni motere ilikuwa inagonga kama mtu anatwanga majani ya sombe.

Nikamwambia yaya kwamba vipande vilikuwa vya kuiga. Kesho yake nikaenda naye sokoni, nikamtukana muuzaji wa vile vipande, mzee wa nywele nyeupe, mbele ya watu. Nikamwita mwizi. Yaya alisimama na kikapu chake akinitazama. Nilifikiri ni huzuni.

Sasa nikiwa chini, nikiona miguu yake tu, nilishindwa. Uongo nao unachosha, jamani, kuliko ufunguo.

“Yaya. Vile vipande havikuwa vya kuiga. Ni mi niliwasha motere kavu.”

Pompi haikusimama.

“Najua,” akasema. “Mi nilikuwa nasukuma upande wa mlango wako. Niliiona ile taa nyekundu. Nikakuona unaitazama.”

“Mawee! Mbona ulinyamaza?”

“Ningekutukana mbele ya korali? Nilisema utakuja mwenyewe. Umekawia, weye. Zungusha.”

Nikazungusha. Machozi yalinitoka, nikashukuru kwamba nilikuwa nimelala. Kisha yaya akapiga kelele: “Yametoka!” Nikajivuta nje. Mafuta yalikuwa yanachuruzika juu ya vyuma, ya rangi ya asali na safi, kwanza upande mmoja, halafu kote.

Nilirudisha swichi, kifuniko na bujii, nikafunga batri ya kuazima. Motere ikawaka. Taa nyekundu ikazimika hapo hapo. Tuliitazama wote wawili.

Yaya akapanda mbele bila kunawa mikono.

“Tunaenda Mutshatsha leo hii?” nikauliza.

“Mutshatsha kesho,” akasema. “Leo unanipeleka sokoni, kwa yule mzee uliyemwita mwizi. Na utasema kwa sauti ile ile.”