Kifurushi Ndani ya Gitaa la Pierre

Hamissi anatengeneza magitaa mtaani Mutakura, pembeni ya meza yangu ya viatu vya mtumba. Wapigaji wa baa huficha hirizi ndani ya gitaa, ili watu wawapende na wapinzani wasiwafunge vidole kwa uchawi. Hamissi akikuta moja imebanduka, huigandisha tena bila kuifungua, maana husemwa kwamba anayeifungua hukauka mikono. Naye hana kitu kingine cha kumlisha ila hiyo mikono.

Juzi alikuja Pierre, mpiga gitaa wa kanisa, pamoja na Mama Esperance, mkuu wa kwaya. Gitaa ni la marehemu baba yake Pierre, aliyepiga katika baa za Uvira. Jumapili kitu kiligongagonga ndani yake katikati ya wimbo, kanisa zima likasikia.

"Mzee Hamissi, angalia mule ndani," alisema Mama Esperance. "Kama ni dawa ya waganga, tunalichoma. Kanisani halirudi."

Pierre alilikumbatia gitaa. "Mama, baba hakuniachia kitu kingine."

Hamissi alilegeza nyuzi, akaingiza vidole kwenye tundu, akatoa kifurushi cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mweusi.

"Kigandishe tu, mzee," Pierre alisema polepole.

"Apana! Fungua."

"Fungua we mwenyewe, mama," alisema Hamissi. "Si una Yesu?"

"Ninaye. Lakini wembe ni wako."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Hamissi alitazama vidole vyake, kisha uso wa Pierre. Akasema bismillahi, akapitisha wembe.

Ndani mlikuwa na uzi wa gitaa uliokunjwa duara, haujapigwa hata siku moja, umeshika kutu kidogo. Hakuna kingine.

Pierre aliketi kwenye benchi langu. "Wenzake mu orkesta walikuwa wanamwibia nyuzi," alisema. "Siku moja akawaambia ameenda kwa mganga. Hawakugusa gitaa lake tena."

Mama Esperance alicheka mpaka kitenge kikalegea. "Baba yako alikuwa mujanja!"

"Nikitupe?" Hamissi aliuliza.

"Apana, mzee. Kishone vilevile, ukigandishe. Gundi iwe ya nguvu, kisigonge tena. Hata mu kwaya wanaiba nyuzi."

"Nani anaiba?"

"Mama, we unajua."

Mama Esperance aligeuka, akaanza kuchagua viatu mezani kwangu. "Mi sijaona kitu," alisema.

Hamissi alikuwa ameshika sindano na uzi mweusi. Aliupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu, kwa mikono ile ile, mizima.