Wiki Moja Kando ya Jiko

Tangu soko la Krismasi la Nuremberg lilipofunguliwa tena baada ya vita, Gundl Zapf alisimama mahali pamoja kila Desemba, kibanda cha tatu kutoka kwenye chemchemi, akiuza vijitu vya plamu kavu. Mkono plamu, mguu plamu, kiwiliwili tini, kichwa kokwa ya jozi iliyochorwa macho na mdomo, na waya ndani wa kuvisimamisha. Alivitengeneza kama mama yake alivyomfundisha, akavishonea nguo mwenyewe, na wageni walioshuka kwenye mabasi walielekezwa kwake kabla hata hawajanunua mvinyo wa moto. Hakuolewa. Alikuwa na ulimi mkali, goti bovu na kibanda chake, na katika hivyo vitatu alichojivunia ni kibanda. Ulimi nao kidogo.

Mwaka 1983 Ottmar Beilke akamnyang'anya kibanda hicho. Huyu alikuwa muuza mapambo ya kioo, mtu wa tabasamu na koti zuri, mwenye kibanda huko nyuma ya kanisa kwenye upepo, ambako wageni hufika wakiwa wamepotea tu. Alikwenda kwa wakubwa wa soko akawaeleza, kwa huruma nyingi, kwamba Bibi Zapf amezeeka, mikono inamtetemeka, na kumsogeza mahali patulivu ni kumtendea wema. Barua ikaja mwezi wa tisa: wabadilishane. Gundl alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mikono yake ilitia uzi kwenye sindano bila miwani.

Desemba ile alifungua nyuma ya kanisa, jirani na Lorenz, mchoma soseji.

"Karibu makaburini, Gundl," Lorenz alimwambia. "Umekuja tuzikwe pamoja?"

"Nina mtu wa kuzika kwanza. Wewe geuza soseji zako, zinaungua."

Kisha Januari, bila haya wala soni, Ottmar akabisha hodi nyumbani kwa Gundl na keki mkononi. Mwezi mzima wageni walikuwa wamemjia pale chemchemini wakiulizia vijitu, naye ana mipira ya kioo tu.

"Bibi Zapf, mambo ya soko hayo, usiyaweke moyoni," alisema. "Nifundishe. Kazi kama hii isife na wewe."

Isife na wewe! Damu ilimpanda Gundl mpaka masikioni. Wazo la kwanza lilikuwa kummwagia kahawa shingoni. La pili lilikuwa zuri zaidi, na lilipomjia alitabasamu.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa karibu na jiko."

Alimfundisha wiki sita. Alimfundisha kukunja waya, kuchora nyusi, kushona kofia ya kijitu cha mfagia bomba la moshi. Hakumficha kitu, ila kimoja. Plamu zikishakauka, mama yake alikuwa akizitandaza darini, chini ya paa, dirisha wazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, ili baridi kali iue mayai ya nondo. Plamu za mwaka huu huwa vijitu vya mwaka ujao. Asiyefanya hivyo haoni kitu mwanzoni. Mayai hulala tu, yakisubiri joto la sebule ya mtu.

"Na zikishakauka?" Ottmar aliuliza, kalamu mkononi.

"Wiki moja kando ya jiko, basi."

"Wiki moja tu?"

"Kwani unataka zikae mpaka zichumbiwe?"

Ottmar akacheka, akaandika. Gundl akamkatia kipande kingine cha keki aliyoileta Ottmar mwenyewe.

Desemba iliyofuata Ottmar aliuza mpaka akaishiwa. Kila siku saa sita, saa ya mnara wa kanisa inapotoa vinyago vyake vinavyozunguka na watu wote wakiwa wamekodoa macho juu, Gundl alichechemea hadi chemchemini kutazama mali ya adui yake. "Vizuri, mwanangu," alimwambia. "Vimenona." Kisha alirudi kwenye upepo wake akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kanisani.

Mwaka 1985 watu wa mji walipofungua masanduku ya mapambo, walikuta funza. Kwenye nguo za malaika, kwenye pamba ya theluji, kwenye unga wa biskuti za Krismasi. Siku ya tatu ya soko mwanamke mmoja alifika kwa Ottmar na kisanduku, akakipindua juu ya meza mbele ya foleni ya wageni. Kichwa cha jozi kikabingirika, na kilichotoka shingoni kilikuwa kinatembea.

"Bwana Beilke, hiki ulisema ni askari. Mbona kimezaa?"

Foleni ikavunjika kwa mayowe. Siku ile ile walikuja wengine wanane. Lorenz alimpelekea Gundl habari mbio mbio na aproni yake ya mafuta, na Gundl akamwomba amsimulie tena, polepole, asiruke kitu.

Jioni Ottmar mwenyewe alikuja nyuma ya kanisa, koti halijafungwa.

"Ulijua," alisema. "Mama wewe, ulijua!"

"Najua nini mimi? Mzee, mikono inanitetemeka." Akainyoosha mbele ya pua yake, imetulia tuli. "Nenda zako. Unanizuilia wateja."

Ilikuwa saa tamu kuliko zote za maisha yake, nami simsengenyi nikisema hivyo. Alisema mwenyewe.

Ottmar alihama mji kabla ya Pasaka. Mwezi wa tisa barua ikaja: kibanda cha tatu kutoka chemchemini, Bibi Zapf. Alikisugua kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, kuondoa harufu ya yule mtu. Siku ya ufunguzi alivaa kofia mpya.

Watu wakapita. Wanawake wa mji walivuta wajukuu mkono: "Usiguse, vina funza." Kiongozi wa basi la wageni aliinua mwavuli wake akasema vile vya plamu ni vya kutazama kwa macho tu. Gundl angeweza kupaza sauti kwamba vyake vimepigwa baridi miezi mitano, havina hata yai. Lakini angeulizwa mbona Beilke hakuambiwa, na jibu la swali hilo uwanja mzima ungelisikia. Akapanga vijitu vyake upya, akasema moyoni kwamba mwaka ujao watasahau.

Saa nane akaja Bibi Pirner, mteja wake wa tangu zamani, akamshika mikono yote miwili.

"Gundl wangu, nafurahi wamekurudishia mahali pako. Sisi hatukulaumu, usidhani. Ila vya nyumbani tumevichoma vyote, mume wangu hakutaka masihara."

"Umefanya vizuri. Vya Beilke havifai."

"Vya Beilke tulikuwa navyo viwili. Vingine vyako. Na kile cha mama yako, mfagia bomba la moshi, cha mwaka wa thelathini na moja, kabla ya vita. Marehemu mama yangu alikimbia nacho mfukoni usiku wa mabomu, nyumba imeungua yote, kikabaki hicho. Nililia kukitia motoni, nakwambia."

Nyumba ya kina Gundl nayo iliungua usiku ule, na hakuwa na kijitu hata kimoja cha mkono wa mama yake.

"Kilikuwa na funza?" aliuliza.

"Hata mmoja. Nilikipasua kwanza nikatazama. Kikavu, kisafi kama siku ya kwanza." Bibi Pirner akafuta pua. "Lakini tungejuaje, Gundl? Hakuna aliyetuambia."

Gundl alichukua mfagia bomba la moshi mzuri kuliko wote mezani, akamnyooshea, bure, zawadi. Bibi Pirner akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo.