Siku Niliyoufundisha Mtaa Habari za Mitokondria

Jamani, nitawaambia, lakini anayetaka kunicheka anicheke huku mwanzoni, kwa sababu huko mbele hakuna cha kuchekesha. Mimi nimeaibika mara nyingi (kuna siku nilihutubia gwaride zima la shule zipu ikiwa wazi, na hiyo siku hizi naihesabu kama mchezo), ila aibu ya siku hii bado inanikuta nikitembea peke yangu vichochoroni, nafumba macho na kujisikia nikisema kwa sauti, "Ungenyamaza tu, Kioko. Kwani ungekufa?"

Mimi ni mtu wa Kitui, nafundisha bayolojia hapa Amu (huko bara tunaita Lamu), na nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya mama mmoja anaitwa Bi Swafiya. Nasema nimepanga, lakini ukweli ni kwamba yule mama alinifanya mwanawe. Mwaka wangu wa kwanza nilipolazwa chini na malaria, ni yeye aliyenipandishia uji kwenye zile ngazi za mawe, na magoti yake yalivyo mabovu, huku akinigombeza kwa Kiamu ambacho wakati huo nilikuwa sikielewi hata nusu. Aliniita "mwanangu mwalimu", na Krismasi ikifika ndiye aliyekuwa akinikumbusha nimpigie simu mamangu (mimi hujisahau, ndivyo nilivyo).

Basi mwaka huu akaanza kushikwa na tumbo, haliachi. Mwanawe mkubwa, Bwana Athman, mwenye duka la vipuri vya boti, akampeleka Mombasa, akapasuliwa, wakarudi. Jioni moja Athman akapanda chumbani kwangu, akaurudisha mlango polepole, akaniambia kumbe ni saratani. Daktari amesema kuna dawa ya kutiwa kwa mshipa, ataianza kidonda kikipona, na ikimkubali anaweza kupata muda mzuri tu na watoto na wajukuu wake.

"Lakini mama hayui," Athman akasema. "Tumemwambia ni zidonda za tumbo, na hiyo dawa ni ya kuongeza damu. Akilisikia lile jina hatatoka nyumbani tena. Namjua mamangu."

Nikamwambia siri yake kwangu imefika mwisho wa safari. Ndivyo nilivyosema, haki ya Mungu, kwa mdomo huu huu.

Na huku hilo si jambo la ajabu, mgonjwa hatajiwi ugonjwa wake. Mtaa mzima ulijua. Msikitini walimwombea dua, majirani waliingia na sahani za vyakula, wakaketi naye, wakazungumza harusi za watu na bei ya nazi, na hakuna mdomo hata mmoja ulioteleza. Kila mtu alikuwa ameshika upande wake, na kazi hiyo ilikuwa inakwenda vizuri kabisa mpaka nilipoingia mimi na elimu yangu.

Sasa Athman alikuwa ameona kitu kwenye simu, kwamba wataalamu wanatafuta njia ya kuiua saratani kwa kuzitia dhiki mitokondria zake, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kweli au ni mambo ya mtandao?" Nikamwambia ngoja nisome. Nikasoma, nikanogewa! Mimi mtu wa kuwachorea watoto mitokondria ubaoni kama muhogo uliokatwa katikati, nikaambiwa kumbe huko ndani kuna vita. Nilisoma mpaka nikawa natafuta mtu wa kumweleza. (Mnawajua watu wa namna hiyo. Mkiwaona wanakuja mnajifanya mnaongea na simu.)

Nikampata mtu wa kumweleza, tena nikapata mtaa mzima. Kikundi cha vijana wa mtaa wetu kilikuwa kimeandaa mazungumzo ya afya baada ya swala ya alasiri, uani kwenye madrasa, na daktari waliyemwalika akapata dharura siku yenyewe. Wakaja kwangu wanatweta, "Mwalimu, tuokoe, watu washaketi." Ningeweza kusema nina madaftari ya kusahihisha, na nilikuwa nayo kweli, rundo zima. Nikasema sawa, naja, na nikabadilisha shati.

Nilipofika uani niliona wanaume peke yao, wazee mbele kwenye viti, vijana nyuma mikekani, na Athman kando karibu na mlango. Niliona pia waya umetoka kwenye mashine ya kipaza sauti, umepita juu ya kichochoro na kuingia dirishani mwa nyumba ya pili. Nikajiambia hawa wanaazima stima kwa jirani. Miaka yote niliyoishi Amu, maulidi, harusi, mawaidha, nimesikia, na bado akili yangu ya bara haikuniambia kwamba wanawake huketi nyumba ya pili na husikiliza kwa spika! Kila mwenyeji pale uani alijua waya ule unakwenda wapi. Hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu mzima anahitaji kuambiwa.

Nikashika maiki. Na mimi nikishika maiki nakuwa mtu mwingine, siwadanganyi. Nikawaambia kila chembe ya mwili ina mitokondria, hizo ndizo injini zake, ndizo zinazoipa nguvu. Chembe ya saratani inakwenda mbio bila kupumzika, kwa hiyo injini zake ziko kwenye dhiki saa zote. Nikawaambia fikirieni boti iliyopakiwa kupita kiasi, injini inachemka, nahodha anaimwagia maji, anapunguza, na anafika. Saratani nayo ina ujanja huo, ukiitia dhiki kidogo inajituliza, inajifunza, pengine hata inakuwa sugu kwa dawa. Lakini ukiizidishia dhiki hapo hapo ilipo dhaifu, injini inakaba na chembe inakufa yenyewe. Wataalamu wanatafuta dawa ya kuisukuma mpaka huko.

Wakaitikia kwa vichwa, wee! Watu wa boti wale, waliipenda injini yangu. Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Na injini za chembe nzima je, hazitakaba nazo?" Nikasema hapo ndipo penye shughuli, Bwana, dawa iikabe hii na iiache ile, na ndiyo maana mengi ya mambo haya bado yako maabara. Nikajiona profesa. Ningeshuka hapo, leo ningekuwa nawahadithia kitu kingine.

Kijana mmoja akasimama nyuma akauliza, "Basi mgonjwa wa leo afanyeje?"

Nikavuta pumzi. Nikataka nionekane mtu mkweli, asiyepaka mambo mafuta. Nikasema, na hapa kila neno nalikumbuka, "Mgonjwa wa leo tusimdanganye. Kama yule mama yetu wa hapa mtaani aliyepasuliwa Mombasa, watoto wake wameniuliza. Kwake yeye dawa hiyo haitawahi. Saratani ikishatembea ndani ya mwili, imetembea."

Nani aliniambia imetembea? Hakuna. Athman hakuniambia, daktari sikumwona, karatasi sikusoma. Ilikuja tu, kwa sababu ilisikika vizuri kwenye maiki.

Uani pakanyamaza. Na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani nimewagusa. Nikaendelea! Nikaeleza tena ile injini kwa upande mwingine, nikauliza, "Au sivyo, wazee?" Wazee wa mbele walikuwa wanatazama miguu yao. Ndipo niliposikia ukelele kutoka ng'ambo ya kichochoro, sauti ya mwanamke, "Yaa Rabi! Mama! Mama!" Nikaitambua, ilikuwa ya Rukia, bintiye Bi Swafiya. Nikautazama ule waya, nikaufuata kwa macho mpaka dirishani, nikaelewa ni nani wanaosikiliza kule.

Hapo mtu mwenye akili angeweka maiki chini na kukimbia. Mimi nikaileta karibu zaidi na mdomo. Nikasema, tena kwa sauti kubwa ili wasikie kule, "Samahani sana, kina mama! Sikuwa namsema Bi Swafiya!"

Mwajua, mpaka hapo pengine bado palikuwa na mlango wa kutokea. Waliopasuliwa Mombasa ni wengi. Rukia angeweza kumwambia mamake anayesemwa ni mtu mwingine, Bi Fulani wa kichochoro cha pili, na wanawake wale wote wangeitikia, kwa vile walivyokuwa wamezoea kumfichia. Mimi nikamtaja kwa jina, kwa spika. Halafu nikaongeza, "Bi Swafiya yeye ana vidonda vya tumbo tu!" na jinsi nilivyolisema, hata mtoto mchanga asingeamini.

Athman alipita katikati ya watu, hakukimbia, hakunitukana. Aling'oa waya kwenye mashine, akanitazama, akasema, "Shuka, mwalimu." Nikashuka. Nilitamani anipige, wallahi (neno hili nimelipata huku), nilitamani sana. Aliondoka akaenda kwa mamake.

Baadaye ndipo mke wa jirani mmoja aliponieleza, bila hasira, kama mtu anayetoa habari tu. Bi Swafiya hakuwa akitoka tangu apasuliwe. Siku hiyo aliposikia mwanawe mwalimu ndiye anayezungumza, alisema lazima aende. Alijifukiza udi, akavaa buibui jipya, akashikwa mkono mpaka nyumba ya pili, wakampa mahali karibu na spika asikie vizuri. Alikuwa anawaambia wanawake, "Huyo ni wangu, huyo." Nililala na habari hiyo na mpaka leo nalala nayo.

Safari ya Mombasa ilikuwa imeshapangwa, mkoba wake umeshafungwa na Rukia. Kesho yake asubuhi Bi Swafiya aliufungua mwenyewe, akarudisha nguo kabatini, moja moja, akasema haendi. Hakulia. Wakamwomba watoto, akaja imamu akamwomba, akapigiwa simu na ndugu zake wa Kiwayu, wote aliwajibu kwamba amesikia hali yake, hana haja ya kuteswa na sindano za mji wa watu, atakaa nyumbani kwake mpaka siku yake.

Ndipo Athman alipopanda chumbani kwangu tena. Hakuketi. "Watu wote amewakataa," akasema. "Labda weye. Mwambie ulikosea. Mwambie dawa ya Mombasa ni nyingine, si hiyo uliyoisema."

Na ni kweli ni nyingine! Ndilo jambo linaloniua. Nilikuwa nikizungumza juu ya dawa isiyokuwepo, na yeye akaikataa iliyopo.

Nikashuka. Alikuwa kitandani ameegemea mto, amenyooka, mtandio mweupe kichwani, na uso umepungua kweli. Nikaketi kwenye mkeka, machozi yakanitangulia. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilisema nisilolijua. Ile dawa ya injini niliyoisema bado iko maabara, lakini ya Mombasa ipo, watu wanaitumia, daktari anasema itakusaidia. Na hilo la kutembea nilibuni, mama. Hakuna aliyeniambia. Nilitaka tu kusikika mjuzi."

Alinitazama kwa huruma, yeye ananihurumia mimi. Akaninyooshea mkono, akaniwekea kichwani kama anavyowafanyia wajukuu wake.

"Wanangu wamenifita," akasema polepole, yaani wamenificha. "Jirani zangu wamenifita, wala siwalaumu, wanipenda. Weye ndiwe pekee ulosema kweli, nami niliisikia kwa mashikio yangu. Sasa wamekutuma na weye uje unambie urongo?"

"Si urongo, mama! Naapa!"

"Usiape, mwanangu," akasema. "Nenda kale. Rukia amekuwekea chakula."

Nilirudi mara nyingi baada ya siku hiyo. Nilibeba kitabu, nikabeba simu nimuonyeshe, nikamleta hata muuguzi wa hospitali kwa miguu yake. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba wanawe wamenishika wakanibana. Boti ya Mokowe, ya kuvukia bara kwenda Mombasa, ikaondoka bila yeye, na miadi ya daktari ikapita, na nyingine nayo ikapita.

Siku hizi maiki sishiki, hata ya kutangaza mechi za shule. Darasani nikifika kwenye mada ya mitokondria nawaambia watoto wasome wenyewe kitabuni. Na nikiulizwa jambo la ugonjwa wa mtu, awe nani, nasema sijui, kwa sababu kweli sijui, na nimeapa sitajifanya najua tena, maneno ya kupendeza nimewaachia wenye kazi yao.

Bado naishi pale juu. Nilifunga virago mara moja, Bi Swafiya akapata habari na akanikataza. Athman hanisemeshi, Rukia akiniona ngazini anageuza uso, na sina la kuwalaumu. Anayenijulia hali katika nyumba ile ni mama mwenyewe, anayezidi kukonda kila nikimwona, na kila mgeni anayekuja kumzuru humwambia kwamba Amu nzima mtu mkweli ni mwalimu wake wa juu.