Siku Nilipounganisha Jukwaa na Blogu

Miaka ile ya mwisho ya vita nilikuwa napiga chapa katika sekreteria moja katikati ya mji wa Bujumbura. Kilikuwa chumba chenye kompyuta nne, na laini ya simu iliyotupa intaneti siku ilipotaka. Asubuhi niliandika barua za maombi ya kazi na kadi za mialiko ya harusi za watu. Mchana, wateja wakipungua, niliandika blogu yangu.

Ilikuwa blogu ya mtaa wetu, Buyenzi. Niliandika nani ameoa, nani amefariki, msikiti gani unaezekwa upya, fundi gani amehamisha gereji yake. Watu wetu waliokimbilia Kigoma, Ubelgiji na Kanada walikuwa na njaa ya habari hizo ndogo. Chini ya kila habari palikuwa na nafasi ya maoni, na pale waliacha pole, hongera na dua, wakitia sahihi kwa majina yao kamili kana kwamba wamekaa kwenye mkeka wa msiba.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa Liège, Ubelgiji. Yeye alifungua jukwaa la majadiliano la watu wa Bujumbura. Huko mambo yalikuwa mengine. Kila mtu alijificha nyuma ya jina la kubuni, na walibishana kuhusu vita: nani alianza, nani alilia zaidi, nani hana haki ya kulia. Binamu alifuta matusi kila jioni akitoka kazini, na asubuhi yalikuwa yameota tena.

Kilichotufanya tuunganishe sehemu hizo mbili ni mwanamke mmoja wa Kigoma. Aliuliza kwenye maoni ya blogu kama kuna aliyemwona mama yake, ambaye walipotezana wakati wa kukimbia. Jibu lilikuwepo. Mtu alikuwa ameandika jukwaani kwamba bibi huyo yuko hai, anakaa kwa jamaa zake huko Gatumba, nje kidogo ya mji. Lakini jibu lilikaa upande ule na swali upande huu kwa majuma mawili, mpaka nilipolikuta kwa bahati. Siku hiyo nilimwandikia binamu: hatuwezi kuendelea hivi.

Tukapanga kwamba kila habari mpya ya blogu ifungue mada yake jukwaani, na kila jibu la jukwaani lionekane pia chini ya habari. Programu zenyewe zilikuwa za bure, zimeshatengenezwa na wengine. Kiungo kati yao ndicho tulichopaswa kukiandika sisi. Binamu aliandika nusu, nami nusu, nikisoma mistari ya programu za watu niliyoichapa kwenye karatasi na kuibeba nyumbani.

Tatizo moja lilitusumbua: kompyuta itajuaje kwamba mwenye maoni ya blogu na mwanachama wa jukwaa ni mtu yuleyule? Tukaamua kutumia anwani ya barua pepe. Anwani zikilingana, huyo ni mmoja. Na jina? Mimi ndiye niliyesema tuweke lile la kwenye blogu, kwa kuwa ndilo jina la kweli. Binamu hakupinga. Hata mmoja wetu hakukaa akafikiri.

Nikakiendesha kile kiungo Jumamosi asubuhi, laini ikiwa nzuri. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikafungua ukurasa wa habari ya harusi, nikaona majibu ya jukwaani yamejipanga chini yake, safi kabisa. Nikapiga makofi peke yangu mle chumbani.

Kisha nikafungua jukwaa lenyewe, kukagua ujumbe wa zamani.

Kulikuwa na mwanachama mmoja niliyemwogopa. Alijiita kwa jina la ndege. Hakuwa na matusi ya wazi, ndiyo maana binamu hakumfuta, lakini maneno yake yalikuwa mabaya kuliko matusi. Aliwaombea wenzake msiba. Alikuwa ameandika kwamba wale waliofanya yale, na watoto wao pia, Mungu awaonjeshe bila kuwaacha hata mmoja. Kwa miezi alikuwa akijibizana na mtu mmoja aliyekuwa Kanada, kila mmoja akihesabu maiti za mwenzake.

Jina la ndege halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na jina la mwalimu wangu.

Aliyenifundisha kusoma. Mzee wa Buyenzi, avenyu tatu kutoka kwetu, ambaye kila kulipokuwa na msiba kwenye blogu yangu, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuandika pole. Mwanawe mkubwa alitolewa kwenye gari barabarani, vita vilipokuwa vikali, akauawa na watu ambao hawakujulikana. Sote tulikwenda kwenye matanga. Mwalimu alitupokea wima, akamshukuru kila mtu.

Sasa jina lake lilikuwa wazi, juu ya kila neno, kwa yeyote mwenye kuingia siberi, vile vyumba vya intaneti ya kulipia. Katika mji ule, miaka ile, mtu aliweza kufuatwa nyumbani kwa maneno machache kuliko hayo. Nilinyoosha mkono nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa, na umeme ukakatika.

Sikusubiri urudi, kwa maana jukwaa lilikaa kwenye mtambo wa mbali na liliendelea kusomwa. Simu yangu haikuwa na salio la kupiga Ulaya, nikakimbia mpaka kibanda cha simu, nikapiga Liège. Akapokea mke wa binamu.

"Wifi, mumeo yuko?"

"Apana, iko kazi. Kuna nini? Mutu amekufa?"

"Bado. Washa kompyuta yake."

"Mi sigusagi ile kitu."

"Leo utaigusa, wifi. Nakuomba."

Alikuwa mshonaji, na kompyuta kwake ilikuwa kitu cha kufutwa vumbi tu. Nilimtajia neno la siri herufi moja moja, naye alirudia kila herufi kwa sauti, mpaka mwenye kibanda akaanza kunitazama. Alipofika ndani akaniambia mafaili ni mengi kama vifungo kwenye kopo.

"Tafuta linaloitwa index, ndilo mlango wa jukwaa. Badilisha jina lake. Weka herufi yoyote mbele."

"Yoyote?"

"Yoyote."

Nikasikia akigonga kibonye kimoja. Kisha: "Nimeweka Z."

"Sasa fungua jukwaa."

"Inasema haioni kitu. Yesu wangu, nimeharibu?"

"Umetengeneza, wifi. Mungu akubariki."

Nilipoweka simu chini nikatazama saa ya mwenye kibanda. Kwa saa nzima hivi jina la mwalimu lilikuwa limekaa pale. Sikuwa na njia ya kujua nani amesoma. Ningeweza kunyamaza. Nilitembea kwa miguu mpaka Buyenzi, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kunyamaza, lakini nilipofika mlangoni kwake nilibisha hodi.

Alikuwa barazani anatengeneza redio. Nikamsalimu, nikakaa, nikamweleza yote bila kumtazama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda kufunga mlango wa ndani, ambako mkewe alikuwa anapika.

"Yeye hajui," akasema. "Na asijue."

"Nisamehe, mwalimu. Kosa ni langu."

"Kosa lako ni jina. Maneno ni yangu mi." Akashika ile redio kama anataka kuendelea, akaiacha. "Kwako kule kwenye blogu niliandika kama mwalimu. Watu wananijua. Lakini Alhamisi nilikuwa naenda siberi, nalipa, nakaa na ile kitu yenye kunikaa hapa." Akagusa chini ya koo. "Nikitoka, naweza kula chakula. We ni mutoto wangu, sitakuficha. Siku zingine niliona haya. Na bado niliandika."

Niliwahi kumwogopa yule mwenye jina la ndege, tena niliwahi kumchukia, na sasa nilikuwa nimekaa naye barazani.

"Nitafuta yote," nikasema.

"Apana. Niletee kwanza nisome."

Jumatatu nilimchapia ujumbe wake wote, nikampelekea kwenye bahasha. Alikaa nao siku tatu. Aliporudisha, ulikuwa umesahihishwa kwa kalamu nyekundu, kama madaftari yetu ya zamani. Kurasa nzima zilikuwa na msalaba mkubwa: futa. Mahali pengine alikuwa ameacha sentensi moja na kukata zinazoizunguka, au amerekebisha herufi aliyokosea. Ule wa kuwaombea watoto wa watu aliukata mara nyingi hata karatasi ikachanika. Ule alioandika jinsi mwanawe alivyokuwa akiimba vibaya bafuni, huo hakuugusa. Nami sikuwahi kuuona, kwa kuwa siku zile nilikuwa nikiona jina la ndege, naruka.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyesoma katika saa ile. Barua pepe yake ilinifikia juma hilohilo. Alikuwa yule wa Kanada. "Huyu niliyekuwa napigana naye," aliandika, "alinifundisha hesabu darasa la nne. Alikuwa anaficha mkate wake na kunipa. Ndugu zangu wawili wamekufa na sijui kama waliowaua ni watu wake au si watu wake. Naomba namba ya simu."

Nilimwuliza mwalimu. Alikataa. Siku iliyofuata akamtuma mjukuu wa jirani aniambie nimpe.

Nilikuwepo alipopigiwa, kwa sababu simu ilikuwa yangu. Walisalimiana. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Upande wa pili mtu mzima alikuwa analia. Hatimaye mwalimu akamwuliza, kwa ile sauti ya darasani, "Mama yako iko wapi siku hizi? Nani anamwangalia?" Wakaongea habari za mama, na za baridi ya Kanada. Vita havikutajwa.

Mimi na binamu tuliandika kile kiungo upya. Safari hii kila mwanachama aliulizwa kwanza kama anataka kuunganishwa, na kwa jina gani, na asiyejibu aliachwa kama alivyo. Wengi hawakujibu, na jukwaa likabaki na ukimya mahali pengi. Yule wa Kanada alijibu, akachagua jina lake la kuzaliwa. Mwalimu aliniambia nimfute kabisa kule jukwaani, nikamfuta. Alhamisi hakwenda tena siberi. Alikuja kwangu sekreteria, akakaa kwenye kiti cha wateja, na kuniagiza niandike anayosema, kwa barua ya kwenda Kanada.